Mwanangu, lile jibu nlokupa kwa simu halikuwa jibu

Assalaam aleikum mwanangu. Hujambo huko Mombasa na hilo joto. Sisi huku Malindi wazima, mamako yuko Shela tangu asubuhi kuna harusi, mimi tuktuk imelala kwa fundi, beringi ya gurudumu la nyuma, kwa hivo nimekaa hapa juu ya tairi bovu simu ina chaji asilimia themanini na kidogo, ntaandika mpaka iishe.

Juzi ulinipigia ukanambia supavaiza wako amekupa karatasi ya kuandika, swali moja tu, kwa nini ulichagua kazi hii ya kushauri watu. Ukaniuliza baba niandike nini. Nkakwambia andika unapenda kusaidia watu, halafu nkasema abiria amekuja nkakata. Hakukuwa na abiria. Nlikuwa nimeegesha chini ya mwarubaini karibu na hospitali peke yangu, na nlikata manake jibu nlikuwa nalijua na lilinikaba hapa kooni.

Kupenda kusaidia watu si jibu mama. Anayependa kusaidia watu ataweka mtungi wa maji ya baridi nje ya duka lake saa saba mchana kule Barani na watu watamuombea dua mpaka anaingia kaburini. Lakini mtu kujifungia kwa chumba kidogo na mtu asiyemjua, saa nzima, asikize mambo ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawataki kuyasikia, kisha aingie mwengine, kisha mwengine, huyo kuna kitu kimempeleka.

Wewe kazi hii uliianza una miaka minane tisa hivi. Tulikuwa kwenye ile nyumba ya makuti Maweni, yenye mlango wa bati. Nikirudi usiku nakukuta umelala ubavu umeelekea ukutani lakini macho yako wazi, mimi nkadhani waogopa giza. Kumbe mamako alikusikia siku moja unamnong'oneza ndugu yako, "lala, leo baba yuko sawa, ndara zinaburuta." Hilo alinambia miaka imeshapita. Ndara zikiburuta ni nimepata kete yangu ya unga, heroini, nimetulia, sina neno na mtu. Nikija haraka haraka ni arosto, mwili unadai unga, hapo ilikuwa ufiche redio na simu ya mama chini ya ndoo ya unga wa ngano. Ulikuwa ukinisoma kwa miguu, mimi kabla sijagusa mlango wewe umeshajua usiku ule utakuwaje. Na hakuna aliyekufundisha.

Sasa hivi unalipia karo usomeshwe jinsi ya kumtazama mtu ujue lililo ndani yake. Hayo si ulienda umeshayajua.

Sitaki uyaandike kwa uzuri lakini, ati mateso yalikuwa na hekima yake. Mimi sikukufundisha kitu, nlikuibia usingizi. Mtoto wa miaka minane kazi yake ni kulala.

Na hauko peke yako, wewe mwenyewe ndo ulinieleza habari za yule Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, na maneno yake ya mganga mwenye kidonda, kwamba anaeponya wengine ni yule alieumia mwenyewe. Nkaja nkasoma kwenye simu habari za yule mama wa Marekani, Marsha Linehan, alietunga matibabu ya watu wanaojidhuru. Kumbe yeye mwenyewe mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na saba alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Hartford, akijikata na kujichoma, na akaweka nadhiri akitoka kwenye ule moto atarudi kuwatoa wengine. Akasoma mpaka akawa profesa, na siri yake hakuitoa hadharani mpaka 2011, ameshakuwa mtu mzima wa miaka sitini na nane. Nlisoma mara mbili siku hiyo, abiria ananiita mkono juu mimi simuoni. Nikajiuliza huyu wakati wote huo akikaa na wagonjwa, walikuwa hawamshtukii? Mimi ningemshtukia. Teja humjua mtu alieonja moto, ni kama harufu.

Lakini lililonifanya niandike si hilo la kwanza, ni lile la pili, lile ulolisema haraka mwishoni kama mtu anaetupa taka usiku watu wasimuone. Kwamba yule klaienti wako amerudia unga mara ya tatu, umelia kwenye matatu mpaka konda akakuuliza umeibiwa, na hujui kama utaendelea.

Hapo sasa nna haki ya kusema manake mimi nimekuwa yule klaienti.

Nlianza miaka ya tisini, bichiboi, kijana wa kuzungusha watalii ufukweni, Kiitaliano changu kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu cha shule. Wakati ule ilikuwa heroini ya brauni, ya kuvuta, halafu ikaja nyeupe watu wakaanza kudunga na tukaanza kuzikana. Kliniki ya methadone, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, ilipofunguliwa hapa Malindi 2015 mimi nlienda sababu mamako alisema ama niende ama aende yeye kwao. Unajua mambo yalivo, kila asubuhi bila kukosa, Idi ikiwemo, unapanga foleni, unapewa dawa yako ya maji kwenye kikombe, unakunywa mbele ya mtu anakutazama, unasema neno ajue umemeza. Hiyo dawa inatoa arosto. Haitoi aibu.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa kijana mzuri sana, mpole, na alitaka nipone kuliko nilivotaka mimi. Nikija nimeteleza uso wake unaanguka, unaona kabisa. Nkawa namhurumia. Nkaanza kumdanganya, "wiki hii safi kabisa", ili asihuzunike. Yaani mimi mgonjwa ndo nikawa namtunza yeye! Alikaa kama mwaka akaondoka, nasikia aliingia biashara ya simu, na simlaumu, kijana wa watu alichoka, alikuwa akihesabu kushindwa kwangu ni kushindwa kwake.

Akaja mama mmoja wa makamo. Siku ya kwanza nikamwambia jana nimevuta, nikangojea uso uanguke. Haukuanguka. Akauliza ilikuwa saa ngapi. Ulikuwa umekula? Nani alikuwa pale? Na sio kwa kunitega, nlimwangalia vizuri kwa jicho langu la bichiboi, alikuwa anataka kujua kweli. Siku nyengine akaniuliza Kiitaliano nilijifunza vipi, nikamwigizia namna nlivokuwa nikimuuzia mzungu safari ya pweza wa ndoto, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Miezi ikapita nikajikuta namwambia mambo ambayo sikuwa nimejiambia mwenyewe.

Nlimuuliza siku moja, mama wewe kazi hii inakulipa nini, manake nlikuwa najua mshahara wao ulivokuwa ukichelewa, tulikuwa tunawasikia wakilalamika dirishani. Akasema kila mwaka hudhani ameshasikia yote, halafu anaingia mtu kama mimi, aliyeuza mlango wa nyumba yake kisha akarudi kulala humo humo.

Ndio. Lile bati. Nliliuza mimi.

Sasa ninachokwambia ni hiki mama, kilichokuingiza sicho kitakachokuweka. Kilichokuingiza ni ndara, ni kutaka usiku upite salama, ukimtazama klaienti wako unamtazama kama ulivokuwa ukinitazama mimi, roho juu, leo yuko sawa ama hayuko sawa. Ukienda hivo utaungua, hutamaliza miaka miwili. Yule mama alidumu sababu alikuwa na udadisi wa watu, hakuwa anangojea nipone ndo apate usingizi wake. Nikiteleza kwake ilikuwa ni habari, haikuwa msiba.

Na kuna kitu cha pili, sijui nikiiteje. 2023 wakati wa Shakahola, wale waumini walioambiwa wafunge kula mpaka wafe, wewe ulikuwa masomoni, mimi nlikuwa nabeba jamaa za watu kuwaleta hospitali, wiki baada ya wiki, miili iliyofukuliwa msituni ilipita mia nne na watu wanatafuta wao. Pale walikuwepo washauri wa Red Cross. Nlimuona mmoja, msichana rika lako, amekaa na mzee mmoja kwenye viti vya plastiki, mzee hasemi, yule msichana hasemi, ameshika chupa ya maji ya mzee tu. Nilingoja abiria wangu karibu masaa mawili, wale wawili hawakusema neno. Kesho yake nkamkuta yuko pale pale na yule mzee, na safari hii mzee anaongea, anamuonyesha kwa mkono urefu wa mtoto, hivi. Nilijiuliza huyu usiku analala vipi. Halafu ndo nikakumbuka ulikuja kunieleza ule utafiti wa 2007, wa washauri wa Colombia waliokuwa wakikaa na watu walioumizwa na vita vya siasa, kwamba uchungu wa wagonjwa ulikuwa ukiwaingia ndio lakini na ule ujasiri wao pia ulikuwa ukiwaingia. Mimi nlikwambia maneno ya vitabu hayo. Naomba radhi, nlimuona yule msichana alivomtazama mzee akipima urefu kwa mkono, nikaelewa.

Halafu kuna yule daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, huyo ndo ameniharibia biashara. Mgonjwa wake alijiua sababu hakuwa na nauli ya kurudi kumuona, dola kumi na tano. Nauli! Yeye badala ya kuacha kazi akaanza 2006 na bibi kumi na nne wa mtaa wa Mbare kule Harare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, na wala hawatumii majina ya hospitali, wanasema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, sawa na sisi tunavosema fulani ana mawazo. Tangu nisome hiyo nikiona kijana anakokota miguu asubuhi kuelekea kliniki siwezi kumpita, nampakia bure. Wameshanijua sasa, wananingoja pale kona, juzi walijaa wanne mpaka polisi akanisimamisha.

Ukiwa umechoka sana mwambie supavaiza, usimfiche kama mimi nilivomficha yule kijana. Mganga hajigangi. Na shuka Malindi wikendi moja ulale, mamako amekuwekea achari ya embe na nimeizuia isiliwe na ndugu yako kwa shida sana.

Fundi amemaliza, ananidai mia nane na chaji imebaki kumi na moja. Kwa ile karatasi andika ndara. Kama ulikuwa unaona haya kuniandika mimi, nimekuruhusu, weka na unga weka na kliniki, hakuna asiyejua hapa mjini. Ila mamako usije ukamsomea ile sehemu ya bati, yeye mpaka leo anasema mlango wetu uliibiwa na vijana wa Muyeye, na kuna mmoja wao hajamwamkua tangu wakati ule.

Babako.