Barua ya wazi kwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam: maghorofa ya vioo yanatupika

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Joto la mji huu ndilo linalonilisha. Hata hivyo nakuomba ukaze masharti ya vibali vya ujenzi.

Kwenye mikutano ya tabianchi husemwa kwamba Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa mwaka, na Mmarekani zaidi ya 10. Ni kweli, na matajiri wa huko walipe. Ila huyo Mtanzania wa wastani sijawahi kumkuta kazini. Namkuta mpangaji wa Tandale mwenye feni moja na luku ya kuungaunga, kisha naitwa Masaki kwenye nyumba yenye AC hadi stoo.

Yanayonikera zaidi ni maghorofa ya vioo pale Posta. Jua linaingia, joto halitoki, dirisha halifunguki. Basi mashine zinanguruma kutwa nzima na kulitema joto lile nje, kwa mama ntilie na bodaboda. Sehemu ya umeme wake inatokana na kuchoma gesi asilia ya Songo Songo. Na gesi iliyomo ndani ya AC ikivuja, nayo huvuja, aina nyingi zake hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo. Ukimwambia mteja tutafute tundu kwanza, anakujibu: "Wewe jaza tu, fundi."

Kujenga kwa ajili ya joto tulikujua. Beda Amuli alisanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, kwa miavuli ya zege inayokinga mvua na kuishusha kwenye matangi, huku upepo ukipita chini yake.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mpaka leo wa mabondeni ndio wanaohimizwa kubadilika. Wa ghorofani haombwi hata kufungua dirisha!

Jengo la ofisi lisipewe kibali bila madirisha yanayofunguka na vivuli upande wa jua. Anzeni na ofisi za halmashauri: AC isiwekwe chini ya nyuzi 25. Mafundi wenzangu watanilaumu, najua, lakini majokofu ya samaki pale Feri nayo yanahitaji mafundi.

Wako,
Fundi wa viyoyozi, Buguruni