Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: hiyo simu ya usiku ni ya nani?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, maana barua za ndani hazijibiwi.

Juzi usiku, taarifa ya habari ya shirika letu la utangazaji ikikaribia kuanza, mhariri wa zamu alipokea simu. Akasikiliza, akaitikia "Ndiyo mzee", akaifuta habari yangu. Ilihusu zabuni yenye utata. Nyaraka zilikuwepo, pande zote mbili zimehojiwa, mwanasheria wetu ameipitia. Nafasi yake ukawekwa wewe ukikata utepe. Utepe uleule tuliouonyesha mchana, Mheshimiwa. Hongera tena.

Sisemi simu ilitoka ofisini kwako. Ila mhariri yule haogopi mtu hivihivi. Bosi wake anateuliwa na wakubwa na anaweza kutenguliwa kabla hajamaliza chai. Nadhani hofu inaanzia hapo na kutushukia sote. Ujerumani waliliona hilo. Machi 2014 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa wanasiasa na watu wa serikali wasizidi theluthi moja kwenye mabaraza yanayoisimamia ZDF, shirika la utangazaji la umma la huko. Bodi yetu sisi unaijua, uliiteua.

Ulipoingia wizarani ulituahidi shirika la umma, si la serikali. Tulikupigia makofi. Siku hizi nikimwelekezea mtu kipaza sauti ananiuliza, "Umetumwa na nani?" Nilipohoji kufutwa kwa habari ile, asubuhi jina langu likaondolewa dawati la siasa. Sasa napangiwa maonyesho ya maua. Si kwamba nayadharau maua.

Wenzetu wanane wa SABC, shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini, walifukuzwa mwaka 2016 kwa kupinga amri ya kutoonyesha waandamanaji wakiharibu mali. Julai haikuisha kabla Mahakama ya Kazi haijaamuru wanne kati yao warudishwe. Walipata pa kuanzia, kwa sababu amri ile ilitangazwa hadharani. Yetu ni simu tu. Nikienda mahakamani nitapeleka nini, mlio wake?

Nilitaka kukuomba sheria mpya, bodi mpya, mengi tu. Nimeyaacha. Naomba moja: anayetaka habari iondolewe aandike, aweke jina na saini. Hata kwa kalamu ya risasi. Aandike tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa habari, sasa wa maua