Ganda la risasi sitalileta, Baba

Gent, Ubelgiji
Novemba

Shikamoo Baba,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, kwa Bibi na kwa wadogo zangu wote hapo Mbagala. Mimi sijambo, kazi inaendelea vizuri, na baridi imeshaingia. Dawa ya Bibi ya kuchua magoti nimempa dada mmoja wa Tabata anayekuja huko Desemba. Akifika atampigia Mama simu.

Lengo la barua hii ni kukujulisha kwamba nimefika Ieper, kule ulikoniambia nisirudi nyumbani kabla sijapaona. Uliniagiza pia nikuletee ganda la risasi lililookotwa kwenye uwanja wenyewe wa vita, uliweke kabatini kando ya ile chupa ya maji ya jeshi uliyorudi nayo kutoka Kagera. Hilo ganda sitalileta. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana najua hukuagiza kwa mchezo.

Ieper ni mji mdogo, na ukishuka kwenye treni utadhani majengo yake ni ya karne nyingi zilizopita. Kumbe karibu yote yamejengwa upya, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipokwisha mwaka 1918 mji mzima ulikuwa kifusi. Ukitoka nje ya mji unakuta mashamba ya viazi, kabichi na mahindi ya kulishia ng'ombe. Mbele kuna mwinuko wa Passchendaele, ambao wewe uliyekulia milima ya Uluguru usingeuita hata kilima. Kwa ajili ya mwinuko huo watu waliuana kuanzia Julai 31 hadi Novemba 10, 1917. Mvua ilinyesha, mizinga ilikuwa imeshavuruga mifereji yote ya maji, na tope likawa la kumeza mtu na farasi wake. Niliutazama ule mteremko mdogo nikashindwa kuelewa, na mpaka leo sijaelewa.

Kwenye njia ya shambani, chini ya nguzo ya umeme, niliona makombora mawili yamelazwa kwenye nyasi. Yalikuwa yameshikana na udongo na kutu hadi rangi yake na ya shamba ikawa moja, ila moja lilikuwa na pete ya shaba karibu na kitako, inang'aa pale plau ya trekta ilipolikwaruza. Mwenye shamba huyaweka hapo, halafu wanajeshi wa kituo cha Poelkapelle wanapita kuyakusanya. Kila mwaka wanakusanya tani na tani. Mengine yana gesi ya sumu ndani, maana huku Ieper ndiko Wajerumani walikofungulia gesi ya klorini Aprili 22, 1915. Mwaka 2014 kombora la vita hivyohivyo liliua wafanyakazi wawili wa ujenzi hapohapo Ieper. Miaka mia moja, Baba, na bado linaua mtu aliyekwenda kutafuta riziki yake. Kwa hiyo kuokota chuma shambani ni hatari, na hata ganda tupu ukilipakia kwenye begi la ndege unatafuta balaa uwanjani.

Lakini hiyo siyo sababu iliyonizuia. Maganda salama yapo madukani. Karibu na uwanja mkubwa wa mji wanauza ya kila aina, pamoja na beji, vifungo na vigololi vya madini ya risasi vilivyokuwa vinajazwa ndani ya makombora. Yapo maganda ya shaba ambayo askari wenyewe, wakisubiri zamu zao, waliyagonga kwa nyundo na msumari wakayachora majani na maua, yakawa vyombo vya kuwekea maua mezani. Moja nililishika mkononi. Yule askari alianza upande mmoja kwa uangalifu, jani hadi jani, na upande wa pili amechora mashina tu, majani hayapo. Nikalirudisha taratibu. Pembeni kulikuwa na kisahani cha vifungo vya makoti, kila kimoja na bei yake. Kifungo kilishonwa kwenye koti, Baba, na koti lilivaliwa na mtu, na mtu huyo yawezekana ndiye wanayemtafuta mpaka leo. Sikuweza kukinunua.

Maana huku wanatafuta majina, Baba. Pale mjini kuna lango kubwa linaitwa Menin Gate, lilizinduliwa mwaka 1927, na kuta zake zimeandikwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa dola ya Uingereza ambao makaburi yao hayajulikani. Kila jioni saa mbili barabara inafungwa na wapiga tarumbeta wanawapigia wafu wimbo wa kuwaaga. Ni desturi iliyoanza mwaka 1928. Nilisimama katikati ya watoto wa shule na wazee wenye mikongojo, na hakuna aliyekohoa. Kesho yake nikaenda makaburi ya Tyne Cot. Yapo makaburi karibu 12,000, na zaidi ya 8,000 kati yake aliyelala ndani hajulikani ni nani. Hata hivyo ukutani nyuma yao kuna majina karibu 35,000 mengine, na ukikaribia jengo la wageni unasikia sauti ya msichana ikisoma majina, moja baada ya lingine, bila haraka.

Hapo ndipo nilipoikumbuka sanamu ya Askari pale Posta. Tumeipita mara ngapi kwenye daladala! Nayo iliwekwa mwaka 1927, mwaka uleule wa lango la Ieper, na waliojenga vyote viwili ni walewale, tume ya Waingereza ya makaburi ya vita. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja askari na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Lizunguke jiwe lile lote, hutaona jina la askari hata mmoja wala mpagazi hata mmoja.

Inaniuma, Baba. Vita vile kwetu vilianza Agosti 1914, vikapiganwa Tanga Novemba, vikafika Morogoro Agosti 1916, Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza mwezi uliofuata, halafu wakaviburuza kusini hadi vikaishia ng'ambo ya mipaka yetu Novemba 1918. Mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani kwa mtu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na kwa hesabu zao wenyewe walikufa kama 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kambi yao mjini ndiyo Kariakoo ya leo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wakati huohuo Selous, Mwingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, ana kaburi lenye jina porini kule, na watalii wanapelekwa kulitazama.

Hata huku Ubelgiji tumo, ila kwa namna nyingine. Katikati ya Brussels kuna mtaa unaitwa Tabora. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wetu Septemba 1916, na jenerali wao, Tombeur, baadaye akapewa cheo cha heshima cha baroni, akaitwa Tombeur wa Tabora. Alilibeba jina la mji wa watu kama kumbukumbu yake ya vita. Na Wajerumani unajua walichobeba. Kichwa cha Mtwa Mkwawa kilikaa kwao tangu 1898 hadi kiliporudi Kalenga mwaka 1954, tena baada ya kutajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles. Sisi ambao wakubwa wetu wamewahi kugeuzwa kumbukumbu za watu wengine tunapaswa kuwa wagumu sana wa kununua kitu cha maiti tusiyemjua. Huo ndio msimamo wangu, na nadhani hata wewe ukiwaza utaukubali.

Chupa yako ya maji ni jambo jingine kabisa. Uliibeba mwenyewe, ulivuka nayo Mto Kagera, na ule mfuniko uliobonyea unajua ulibonyea wapi. Hiyo ni yako na itakuwa yetu. Naomba isitolewe kabatini wala asipewe mtu.

Sasa badala ya ganda nina maombi, na safari hii mimi ndiye ninayeagiza. La kwanza, kaa na Bibi mchana akiwa hajachoka, umwulize habari za babu yake aliyechukuliwa Matombo akabebeshwa mzigo kwenda upande wa Kisaki, asirudi. Jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, mke aliyemwacha, aliyekuja kumchukua alikuwa wa jeshi lipi. Mwambie Hamisi arekodi kwa simu, na wewe uandike kwenye daftari, kwa sababu simu za Hamisi hazidumu. Bibi ndiye aliyebaki peke yake anayelijua jina hilo kwa kusikia kwa mama yake.

La pili, wale wenzako wa kikosi ambao hawakurudi kutoka Uganda mwaka 1979. Umetusimulia vituko vyao tangu tuko wadogo, lakini sisi tunawajua kwa majina ya utani tu. Tuandikie majina yao ya kweli na walikotoka.

Na kama miguu inaruhusu, nendeni Jumapili moja makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo. Tumeyapita miaka yote hatujaingia. Mengi yalihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 barabara mpya ilipojengwa. Angalieni wa kwetu wameandikwaje, na Hamisi anitumie picha za mawe yenyewe, siyo za kwake.

Picha za Ieper nimezichapisha kwenye karatasi na kuzifungia pamoja na dawa ya Bibi. Ya lile ganda lenye majani upande mmoja ipo, nyuma yake nimekuandikia maelezo. Mwambie Mama hela ya bati nitatuma mwisho wa mwezi.

Wasalimie majirani wote. Nasubiri daftari.

Mwanao,
Rehema