Idd Mubarak, na mizani ya marehemu baba

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki. Idd Mubarak. Taqabbala Allahu minna wa minkum: Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, sala zetu na sadaka zetu za mwezi mzima. Wagonjwa awape shifaa, walio safarini awafikishe salama, waliotutangulia awarehemu. Na nyinyi majirani zetu Wakristo mliokuwa mkituletea matunda ya kufuturia, Mungu awazidishie. Sahani zenu za biriani zipo kama kawaida, njooni mapema.

Hii ni Idd ya kwanza bila baba. Tangu tumzike, wengi wenu mmenipa pole na kuniambia kwamba mzee alikuwa mwaminifu. Ahsanteni sana. Ila maneno hayo husemwa juu ya karibu kila marehemu, na mimi nataka leo niwaeleze uaminifu wa baba ulikuwaje, maana ulikuwa na namna yake, na sikukuu hii ndiyo wakati wake hasa.

Wengi mnalijua duka lake la nafaka na viazi pale Ngamiani, Tanga. Hapo ndipo tulipokulia, na hapo ndipo alipotusomesha Sura ya 83, Al-Mutaffifin. Watu wa sokoni wanaijua kwa mwanzo wake, ole wao wanaopunja, na wakiisikia wanamfikiria muuzaji mwenye kopo lililobonyezwa kitako. Baba alikuwa akitusimamisha kwenye aya ya pili. Aya hiyo inawataja watu ambao wakijipimia kutoka kwa wenzao wanataka kipimo kitimie barabara. Ya tatu ndiyo inasema kwamba wao wakiwapimia wenzao wanapunguza. "Mnaona?" alikuwa akituuliza. "Mnunuzi katajwa kabla ya muuzaji. Msinitazame nikiuza tu. Nitazameni nikinunua."

Ukitaka kuiona aya hiyo kwa macho, itazame lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa wavu wa kamba juu na viazi vinapandishwa mpaka gunia linaota kichwa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Likifika mjini linafunguliwa na kupimwa kwa sado, na zile sado za kichwani ni pesa iliyotoka mgongoni kwa mtu aliyebaki shamba. Sheria ya Vipimo inakataza, gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, tangu ulipoanza mwaka 2002, umekuwa ukipambana nalo. Lakini mkulima mwenye mtoto anayesubiri ada, huku gari limeshawashwa, hana ubavu wa kubishana na mwenye pesa mkononi.

Baba alipopanda Lushoto kununua viazi na maharage, alibeba mizani yake mwenyewe ya kuning'iniza. Likizo za shule nilikuwa nikifuatana naye. Nakumbuka mama mmoja wa upande wa Bumbuli aliyekuwa ameshatufungia gunia, lina kichwa, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa. Baba akaning'iniza mizani kwenye tawi la mti, akakata kamba ya wavu, akawa anatoa viazi kimoja kimoja mpaka mshale ukasimama kwenye 100. Vilivyobaki akampa kwenye ungo wake. Yule mama akadhani vimekataliwa, akaanza kutuapia kwamba si vibovu, kavichimba jana tu. Baba akamwambia, "Hivi ni vyako, mama. Ukitaka niuzie kwa kilo, usipotaka kawapikie watoto." Akauza. Dalali tuliyekuwa naye alinuna njia nzima mpaka Mombo, na safari iliyofuata hakutaka tena kutupeleka.

Sitawaambia kwamba uaminifu ulimtajirisha. Haukumtajirisha. Mchele wa Mombo aliuita wa Mombo, wakati wengine walikuwa wakichanganya na kuandika kwenye boksi kwamba ni wa Kyela, kwa kuwa wa Kyela unanukia na bei yake iko juu. Wateja walipita dukani kwetu wakaenda kununua jina. Mchele ukilowana na mvua aliutandaza mbele kabisa, penye macho ya watu, na bei yake ya chini, kwa kuifuata ile Hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, aliyetia mkono kwenye chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke juu watu wauone. Nyumba yetu ilichelewa kuezekwa. Mama alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika. Baba alimsikiliza, akakubali kwamba ni kweli tunapata shida, na kesho yake akauza vilevile.

Nikirudi kwenye sikukuu: usiku wa kuamkia Idd ndio aliouogopa kuliko usiku wowote wa biashara. Fitri, ile sadaka ya chakula kwa maskini ya kumalizia mfungo, ni pishi moja kwa kila kichwa cha nyumba, hata mtoto aliyezaliwa jana, na itoke kabla watu hawajaswali Idd. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mizani ya leo wengi wanaihesabu kilo mbili na nusu hivi. Sasa fikirini hali ya dukani usiku ule. Watu wamejaa hadi barabarani, kila mtu ana haraka, hakuna anayekodolea macho kipimo. Anayenunua hatoula mchele ule. Atakayeula ni maskini, na maskini hawezi kuja kulalamika dukani. Hakuna wizi mwepesi kuliko huo. Baba alikuwa akituonya kabla hatujafungua milango: "Ukipunguza hapa umewaibia wawili. Maskini umemla chakula chake, na huyu aliyekuamini anakwenda kuswali akidhani ametimiza wajibu, kumbe haujatimia." Basi kila pishi aliifuta juu kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja. Na mtu akiomba mchele wa bei ya chini kwa ajili ya fitri, alimuuliza kwa upole, "Nyumbani kwako mnakula upi?" Akampimia huohuo.

Baada ya mazishi, baba mdogo alisimama akatangaza, kama ilivyo ada, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Tukaenda kufungua daftari lake. Mbele kuna majina ya waliokopa, hayo tuliyategemea. Tulipoligeuza nyuma tukakuta ukurasa mwingine, wa watu ambao yeye ndiye anadaiwa, na kwenye droo bahasha za kaki zenye pesa zao. Mama wa vitumbua, Barabara ya 9, chenji 1,500. Mwalimu aliyehama, kalipia maharage mara mbili. Na mstari huu, nimeusoma mpaka nimeuhifadhi: "Kijana wa baiskeli nyekundu, choroko nusu kilo, mizani ilikuwa imekwama, nilimpa pungufu, sikumwona tena."

Deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu, kwa hiyo tuligawana mitaa, tukawatafuta. Mama wa vitumbua alilia, akasema mbona yeye mwenyewe alishasahau. Mwalimu tumempata kwa simu. Wachache bado. Shehe ametushauri kwamba tukishindwa kabisa tuwatolee sadaka kwa niaba yao, lakini tusiwe wepesi wa kushindwa.

Ndugu zangu wafanyabiashara, msimu huu nguo za watoto, mchele, nazi, viungo, vyote vimepanda, na najua si nyinyi peke yenu mnaopandisha. Naomba tu mkipanda shamba wiki ijayo kununua, mpimeni mkulima kwa mizani ileile mtakayotumia mkija kutuuzia sisi. Na katika dua zenu za leo mtajeni mzee wangu.

Na wewe kijana wa baiskeli nyekundu, ambaye sasa huenda una watoto wako, choroko yako ipo. Duka tunafungua Idd tatu asubuhi, kaka yangu yupo kwenye mizani, mwambie tu baiskeli. Nyote muwe na Idd njema, mle kwa furaha, mtembeleane.