Barua ya wazi kwa wanaotaka kuwa watendaji wa mahakama: tarehe ikitajwa, isimame

Wanangu mlio masjala, mlio kaunta, nanyi mnaopanga mashauri huku mkingoja siku yenu ya kukaa kwenye kiti cha mtendaji, yule anayeendesha shughuli za mahakama ili jaji abaki na hukumu,

Salaam. Wengi wenu huuliza ni cheti gani kitawafikisha juu upesi. Kitafuteni, hakuna ubaya. Ila ninalotaka kuwausia halimo kwenye cheti. Mahakama ikimwambia mtu aje tarehe fulani saa tatu asubuhi, shauri lake lisikilizwe tarehe hiyo. Jalada, wito, mkalimani, posho ya shahidi, umeme, karatasi, vyote mnavyovishughulikia vipo ili tarehe hiyo isimame. Mtendaji ambaye tarehe zake zinavunjika kila siku hajafanya kazi, hata jengo lake liwe na marumaru mpaka chooni.

Taaluma yenyewe bado changa. Mwanasheria Roscoe Pound aliwaeleza mawakili wa Marekani mwaka 1906 kwa nini wananchi hawaridhiki na mahakama zao, lakini ilibidi kungoja mpaka 1969 ndipo Jaji Mkuu wa nchi hiyo, Warren Burger, akataka wafunzwe watendaji hasa wa mahakama, na chuo chao kikaanza 1970. Kwingi hata leo jaji ndiye anayehesabu karatasi na kugombana na fundi wa bomba. Saa anayotumia hapo ni saa iliyotoka kwenye hukumu ya mtu.

Anzeni masjala, wala msiikimbie mapema. Kila baada ya miezi mitatu, chukueni namba 50 kwenye rejesta bila kuchagua, mkatafute majalada yake rafuni. Halafu mgeuze: chukueni majalada 50 rafuni, mkatafute namba zake kwenye rejesta. Wengi huishia la kwanza. La kwanza hufichua yaliyopotea. La pili hufichua yasiyosajiliwa, yaliyosajiliwa mara mbili, na yale ambayo rejesta inasema yamekwisha ilhali bado yana tarehe mbele. Jalada likitoka, mahali pake paachwe kadi: nani kalichukua, lini, kwa kazi gani. Na likisemwa limepotea, msikimbilie kuandika barua. Mara nyingi limo humohumo: chini ya meza ya mpiga chapa, nyumbani kwa jaji anayeandika hukumu, au limemezwa na jalada nene la mtu mwenye jina linalofanana. Tafuteni kwa namba jirani na majina jirani kwanza. Kurasa nazo zipewe namba kwa wino siku hati inapopokelewa. Hati isiyo na namba huchomolewa au huchomekwa, na hakuna atakayejua.

Sasa takwimu, kwa sababu huko ndiko watendaji wengi hujidanganya wenyewe kabla ya kudanganya wakubwa. Mashauri yaliyokuwepo, jumlisha yaliyofunguliwa, toa yaliyomalizika, lazima yawe sawa na yaliyobaki. Yasipokuwa sawa na hesabu ya rafuni, ripoti isitoke. Kisha tazameni kiwango cha kumaliza: yaliyomalizika gawanya kwa yaliyofunguliwa, zidisha kwa 100. Tuseme yamefunguliwa 1,200 na yamemalizika 1,260: asilimia 105, kila mtu anapiga makofi. Lakini kama mashauri yenye umri wa zaidi ya miezi 24 yalikuwa 180 na sasa ni 230, basi mahakama imekuwa ikimaliza mepesi na mapya, mazito yanazeekea rafuni. Asilimia ile haikusema uongo, imejibu swali jingine. Kwa hiyo ripoti ya kiwango cha kumaliza isitembee bila ripoti ya umri wa yaliyobaki. Wastani nao si wa kuamini peke yake, maana shauri moja la mirathi la miaka 15 huuvuruga. Pangeni yote kwa umri, mseme umri wa shauri lililo katikati, na umri ambao mashauri tisa kati ya kumi hayajauvuka. Mkitaka kukadiria muda wa kuyamaliza yaliyobaki, yagawanyeni kwa yaliyomalizika katika mwaka, mzidishe kwa 365. Yakibaki 900 kwa mfano huohuo, ni siku 261 hivi.

Upangaji wa mashauri ndio moyo wa kazi, nami nitakaa hapa kidogo. Orodha ya siku yenye mashauri 40 mbele ya jaji mmoja, kuanzia saa tatu hadi saa saba, ni dakika sita kwa kila shauri. Dakika sita hazitoshi kumwapisha shahidi, kumsikiliza na kumhoji. Kila aliyeiona orodha hiyo anajua hayatasikilizwa, mawakili wakiwa wa kwanza, kwa hiyo wanakuja bila kujiandaa, na kwa sababu hawajajiandaa shauri linaahirishwa. Mahakama yenyewe imewafundisha kutojiandaa. Tenganisheni ya kutajwa, yaani yanayoitwa kwa ufupi kuona yamefikia wapi, na ya kusikilizwa. Ya kutajwa yapate saa ya kwanza, ya kusikilizwa yapewe saa yake kila moja, ili shahidi wa saa tano asishinde kwenye benchi tangu alfajiri.

Mtaniambia yakipangwa machache na yakavunjika, jaji atakaa bure. Kweli, ndiyo maana mnahitaji hesabu yenu wenyewe, si ya mahakama ya jirani. Angalieni miezi mitatu iliyopita: katika kila usikilizwaji kumi uliopangwa, mingapi ilivunjika? Ikiwa ni minne, pangeni mitano kwa jaji anayeweza kusikiliza mitatu kwa siku. Tarehe zikianza kusimama, uvunjikaji utapungua, nanyi mpunguze nyongeza mwezi huohuo. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha nyongeza ileile, siku zinafurika upya, na wanarudi walikoanzia.

Kila ahirisho liandikwe sababu, aliyeliomba, na ni la ngapi katika shauri hilo. Sababu ziwe chache na bayana: wito haukufika, shahidi hayupo, wakili yuko mahakama nyingine, jalada halikuonekana, mshtakiwa hakuletwa, mkalimani hakuwepo, jaji hakuwepo. Fungu la “nyinginezo” likianza kujaa, kuna mtu anaficha jambo ndani yake. Mwisho wa mwezi tenganisheni yaliyosababishwa na wadaawa, yaani pande zenye shauri, na yaliyosababishwa na mahakama. Haya ya pili ni yenu, anzeni nayo, kwani hamna uso wa kumlaumu wakili wakati jalada halionekani.

Chukueni sababu moja, wito, muufuate hatua kwa hatua: siku amri ilipotolewa, siku wito ulipoandikwa, ulipotiwa saini, ulipokabidhiwa mpelekaji, ulipomfikia mtu, na siku kiapo cha mpelekaji kiliporudi jaladani. Andikeni tarehe hizo sita kwa wito 30. Mtakuta ucheleweshaji hauko barabarani kama mnavyodhani. Uko kwenye trei, kati ya kuandikwa na kutiwa saini, kwa sababu mtiaji saini ni mmoja na yuko likizo. Au wito ulifika vizuri kabisa, ila kiapo hakikurudi, na mahakama haiwezi kuendelea bila mdaiwa kwa kuwa haina uthibitisho kwamba anajua. Kwa mahabusu, hakikisheni amri ya kumleta imekwenda gereza alilomo leo, si alilokuwemo alipofikishwa mara ya kwanza. Simu moja siku mbili kabla, kwa afisa anayepanga magari, huokoa mengi.

Vielelezo vinawatia watu jela, na vinaweza kuwatia makarani pia. Kila kimoja kiwe na lebo ya namba ya shauri, namba ya kielelezo, tarehe na mpokeaji. Fedha, silaha na dawa za kulevya zikae mbali na vingine, kwa funguo mbili za watu wawili. Kifuko kikifunguliwa mbele ya jaji, kifungwe na kutiwa lakiri upya kabla hakijatoka chumbani, maana makosa mengi hutokea kwenye korido ya kurudi stoo. Bangi mbichi hupungua uzito ikikauka. Msipoandika hali yake na uzito siku ya kuipokea, tofauti hiyo itasomwa kama wizi. Nguo yenye damu isiwekwe kwenye plastiki, itaota ukungu. Tumieni mfuko wa karatasi. Simu zilizokaa miaka stoo betri zake huvimba, na zinaweza kuwaka moto. Wala kitu kisiteketezwe wala kurudishwa kabla ya amri kutolewa na muda wa rufaa kupita.

Fedha nitazipitia haraka. Dhamana ya mtu si mapato ya mahakama, ikae akaunti yake peke yake. Anayepokea asiwe anayeandika vitabuni, wala anayepeleka benki. Linganisheni stakabadhi na benki kila siku, na malipo yaliyoingia bila namba ya shauri yasilale zaidi ya wiki bila kutafutiwa mwenyewe. Kwenye bajeti, msiombe kwa kuongeza asilimia juu ya mwaka jana. Ombeni kwa kazi: idadi ya vikao, mara mashahidi kwa kikao, mara posho. Bajeti ikikatwa, mnaweza kuonyesha ni vikao vingapi vimekatwa nayo, na aliyekata ataona alichokata.

Mfumo wa kompyuta ukija, msiuingizie uchafu wa rejesta. Hesabu ya rafuni itangulie, kisha mashauri yaliyo hai, yaliyofungwa yangoje. Kusiwe na kitufe cha kufuta. Kuwe na cha kubatilisha, chenye sababu na jina la aliyebatilisha. Aliyehamishwa afungiwe akaunti siku anayoondoka. Nywila ya pamoja ya kaunta ikomeshwe, maana siku tarehe ikibadilishwa kwa hila hamtajua ni nani. Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae nje ya jengo, na kila robo mwaka mjaribu kurejesha kitu kutoka humo. Nakala isiyojaribiwa msiihesabu.

Tazameni pia mambo ya watoto. Jalada la nje linaandikwa herufi za mwanzo tu, kama sheria inavyotaka, na karani ameridhika. Lakini orodha ya siku huchapwa na mfumo kutoka sehemu ya majina ya wadaawa, ambako jina kamili limejazwa, na asubuhi linabandikwa mlangoni kila mtu alisome. Fungueni shauri la majaribio la mtoto, mchape kila karatasi ambayo mfumo unaweza kutoa, wito, orodha, stakabadhi, nakala ya amri, msome moja moja.

Kuhusu majaji, mpaka ni huu: mnaweza kumuuliza jaji hukumu itakuwa tayari lini, kamwe msimuulize itasemaje. Kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 kuhusu uhuru wa mahakama zinasema ugawaji wa mashauri kwa majaji ni jambo la ndani la mahakama. Basi ugawaji uwe wa bahati nasibu, na anayeubadilisha aandike sababu inayoweza kusomwa na mkaguzi. Akipiga simu mkubwa wa nje kutaka shauri liende kwa fulani, mjibuni kwa adabu, mwandike siku, saa na alichosema, mumpelekee jaji mfawidhi, yaani jaji msimamizi wa mahakama yenu, siku hiyohiyo. Na huyo jaji mfawidhi, kubalianeni naye kwa maandishi mapema nani anaamua nini: likizo za makarani, manunuzi, vyumba, zamu. Ugomvi mwingi kati ya viti hivi viwili huanzia kwenye gari au dereva, si kwenye sheria.

Siku mkipewa kiti, miezi mitatu ya kwanza msihamishe meza ya mtu. Kabla ya kusaini makabidhiano, dai orodha ya mashauri yaliyobaki kwa umri, ripoti ya mwisho ya ukaguzi pamoja na hoja ambazo hazijajibiwa, orodha ya vielelezo iliyohesabiwa mbele yenu wote wawili, orodha ya funguo na walionazo, na barua ya benki inayoonyesha wanaoruhusiwa kutia saini. Stoo ya vielelezo ikikataliwa kufunguliwa kwa kisingizio chochote, msitie saini. Na mkiondoka, hakikisheni jina lenu limetoka benki na kwenye mfumo kabla hamjarudisha funguo.

Wenu mzee,
Mtendaji mstaafu