Shosti, anza na hiki cha saa

Shosti wangu,

Meseji yako nimeiona juzi nikacheka peke yangu kama chizi. Eti nikutajie kitabu kimoja tu cha mambo ya kweli ambacho hakitakulaza usingizi. Kimoja! Unamuuliza nani? Kwa meseji nimeshindwa ndo maana naandika barua nzima, vumilia tu mwaya, unanijua nikianza sinyamazi.

Kwanza tusameheane. Kile kitabu cha mafanikio nilichokuazima mwaka jana lilikuwa kosa langu, nakiri. Kina wazo moja, zuri sikatai, lingetosha ukurasa mmoja, mwenyewe kalivuta kurasa mia tatu kama mpira wa sketi uliolegea. Vitabu vya hivyo ndo vimekufanya uamini nje ya riwaya hamna stori, ni notisi za darasani tu. Ila mi siku hizi siangalii mada, naangalia mwandishi kashika nini mkononi. Akija kifua mbele na historia ya sayansi yote namkimbia. Akija na kitu kimoja kidogo, saa, seli, glavu, hapo namfuata hadi mwisho, maana huyo lazima atakuwa kahangaika nacho.

Sasa anza na Longitude cha Dava Sobel, kilitoka 1995, chembamba, wikiendi moja umemaliza. Najua jina linanuka jiografia ila subiri. Zamani mabaharia walikuwa wanaweza kujua wako kaskazini au kusini kiasi gani kwa kuangalia jua na nyota, lakini mashariki na magharibi walikuwa wanabahatisha tu, na kubahatisha baharini ni kifo. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilijibamiza kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, zaidi ya watu elfu moja wakafa, hapo karibu kabisa na kwao! Basi mwaka 1714 Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa. Na dawa yenyewe ukiambiwa unajipiga kofi la paji la uso: dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa moja, kwa hiyo ukijua bandarini ulikotoka sasa hivi ni saa ngapi, na hapo ulipo jua limefika utosini, yaani saa sita mchana, tofauti ya saa ya huko na ya hapo ulipo ndo inakwambia umeenda mashariki au magharibi kiasi gani. Kwa hiyo kilichotakiwa ni saa tu. Ila saa gani sasa, maana za kuaminika wakati ule zilikuwa za pendulamu, kile kipande kinachoning'inia na kubembea, meli ikiyumba nayo inachanganyikiwa, joto likipanda chuma kinatanuka, mafuta yanabadilika, yaani shida tupu.

Anatokea John Harrison, fundi seremala, saa kajifunza mwenyewe tu. Anatengeneza ya kwanza, ya pili, ya tatu, miaka inakatika, anafika ya nne ambayo unaishika mkononi. Mwaka 1761 mwanae anapanda nayo meli kwenda Jamaika, na baada ya siku 81 saa ilikuwa imechelewa kama sekunde tano. Tano! Unadhani walimpa hela? Thubutu. Wakubwa walikuwa wanaamini jibu litatoka kwenye mwezi na nyota, sa fundi seremala awashinde vipi, wakawa wanaongeza masharti kila akifika mlangoni. Hela ya mwisho aliipata 1773, ana miaka 80, tena mpaka mfalme alipoingilia. Mi nilikuwa nasoma nimekunja ngumi. Lawama yangu moja tu kwa Sobel, yule mwanaastronomia wa mfalme, Maskelyne, kamchora mbaya mno, kama adui wa kwenye filamu za zamani, na mi nikiona mtu mbaya wa hivyo kwenye kitabu cha kweli nashtuka kidogo.

Ukimaliza hicho ndo uende kwa Henrietta Lacks. The Immortal Life of Henrietta Lacks, cha Rebecca Skloot, 2010. Hiki usikisome kitandani usiku, hutalala, si kwa uoga, kwa hasira. Huyu mama alikuwa mkulima wa tumbaku, mweusi, kule Marekani, mwaka 1951 akaenda hospitali na saratani ya mlango wa kizazi, wakamkata kipande cha uvimbe bila kumuomba ridhaa. Mwaka huohuo akafariki, ana miaka 31. Lakini seli zake hazikufa. Kabla ya hapo seli za binadamu zilikuwa zinakufa maabara baada ya muda mfupi, zake zikawa zinaongezeka mara mbili kila siku, wakaziita HeLa, zikasambazwa maabara za dunia nzima, chanjo ya polio ikajaribiwa kwa kutumia hizo. Familia inakuja kujua zaidi ya miaka ishirini baadaye! Watu wanauza na kununua seli za mama yao na wao bima ya afya hawana.

Ila si kwa ajili ya sayansi ninakupa hiki, nakupa kwa ajili ya Deborah, binti yake, aliyeachwa mdogo kiasi kwamba mama mwenyewe hamkumbuki. Kuna sehemu anapelekwa maabara na kuangalia zile seli kwenye hadubini, yaani anamuona mama yake kwa namna hiyo, hapo mwenzio nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Skloot alihangaika miaka kumi kupata imani ya hiyo familia na hakufichi pale alipofukuzwa. Deborah mwenyewe alifariki 2009, kitabu hajakiona kimetoka. Inauma.

Oliver Sacks nakutajia harakaharaka, The Man Who Mistook His Wife for a Hat, 1985. Daktari wa neva anasimulia wagonjwa wake, karibu kila sura mtu mmoja, kwa hiyo unaweza kusoma unavyotaka. Wa kwanza ni mwalimu wa muziki anayeona vizuri tu lakini hatambui anachokiona, anapewa glavu anaielezea umbo lake lote, ina vimfuko vitano, anajiuliza labda ni ya kuwekea sarafu. Kuvaa nguo anaweza mradi anajiimbia, ukimkatisha wimbo amekwama. Sura nyingine humo zimepoa kidogo, ruka bila aibu.

Halafu usiniambie vya Kiswahili havipo, nakujua. Kuna Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, huyu mama alianza kwa kutembeza vyungu akaishia kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Shaaban anamsifia mno, we vumilia sifa, fuata safari ya mama. Na kingine kigumu zaidi: Maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Kiswahili chake kitamu balaa, anaanza safari zake fupi ana miaka 12, anahesabu pembe za ndovu, bunduki, vita, deni la nani, kama mfanyabiashara anayesoma daftari lake. Na watu aliowauza je? Hapo ndo utagundua unasoma na msimulizi unagombana naye kila ukurasa. Mi kilinichosha kuliko vyote kwenye hii barua na ndo ninachokirudia mara nyingi.

Namna ya kusoma sasa, maana we ukianza kitabu unajilazimisha kama unafanya mtihani. Utangulizi ruka, utaurudia mwishoni ukiwa na hamu. Kurasa hamsini zikipita bado hujali, kifunge. Na kule nyuma kwenye maelezo ya mwandishi usipapite, mimi huwa naanza na huko, naangalia kaongea na nani, kasoma barua za nani, kafika mwenyewe au kakaa tu kwenye kiti. Kile cha mafanikio kule nyuma hakikuwa na kitu, ningeangalia mapema nisingekutesa.

Longitude nakutumia nakala yangu. Ina mistari ya penseli kila mahali na ukurasa mmoja nimeandika matusi pembeni, pale wanapomdai Harrison aikabidhi saa yake. Usifute. Na we niandikie yako pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, halafu ukirudisha uje na ile riwaya yangu, mwaka wa pili huu.

Wako mbishi,
mimi