Sampuli za zamani zisitupwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu asili ya virusi vya UKIMWI. Mmeeleza vyema, ila mmeruka jambo moja: bila sampuli mbili za Kinshasa zilizokutwa na virusi hivyo, damu ya mwaka 1959 na kipande cha tezi cha 1960 kilichohifadhiwa ndani ya nta, historia hiyo tungeijua nusunusu.

Mwaka 1962 wanasayansi Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walionyesha kuwa tofauti za protini kati ya viumbe huongezeka kadiri miaka inavyopita, mithili ya saa. Hapo ilikuwa hoja ya wasomi wa hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) tu. Mwaka 2008 watafiti walitumia saa hiyo kwa tofauti za jeni za virusi vya sampuli zile mbili, wakakadiria kuwa kundi la virusi lililoenea duniani lilianza kati ya 1884 na 1924. Uvumi kwamba chanjo ya polio ya miaka ya 1950 ndiyo iliyoleta UKIMWI (wapo wanaoushikilia hadi leo!) ukakosa pa kusimama.

Nilipokuwa kazini niliona vipande vya nta vikimwagwa kwenye pipa la taka, lebo bado zinasomeka, eti kabati linahitajika kwa mafaili. Naomba wizara za afya za Afrika Mashariki zipige marufuku kutupa sampuli ambazo hazijaorodheshwa na kukaguliwa na maabara ya taifa. Waanze na za kabla ya 1980. Kwa kuanzia, daftari na kalamu vinatosha.

Fundi maabara mstaafu,
Mwanza